Betri Kwanza, Skrini Baadaye

Maandishi ya hotuba iliyotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya wenye boti za mshipi, manahodha na mafundi

Wazee wangu manahodha, wenye boti, mafundi wenzangu, na vijana mnaojifunza kazi hii: asalaam alaykum, na wengine Bwana asifiwe. Nimeomba tukutane wakati huu wa maji kupwa kwa makusudi, na sababu yake mtaiona tutakapofika kwenye habari ya kipimakina.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufunga redio, vipimakina na vifaa vya kuonyesha njia kwenye boti za watu wanaovua kwa mshipi kwa ajili ya burudani, wawe wenyeji wanaotoka Jumamosi na wenzao, au wageni wanaokuja kutafuta jodari, nguru, kolekole na sulisuli nje ya miamba yetu. Katika kazi hiyo nimeona jambo moja likijirudia, nalo ndilo lililonileta hapa. Mwenye boti hununua kwanza skrini ya ramani, tena kubwa kadiri fedha zake zinavyoruhusu, kisha huniletea ikiwa ndani ya boksi lake na kutaka ifungwe kwa mchana mmoja ili kesho yake aende nayo baharini. Nikimuuliza skrini hiyo itakula umeme wa wapi, hunionyesha betri ileile inayowashia mashine. Nikimuuliza habari ya redio, hunijibu kwamba anayo simu. Ninawaomba leo tuugeuze mpango huo: tuanze na betri na nyaya, tufuate redio na kifaa cha kuitia msaada, kisha kipimakina, na skrini kubwa ije mwisho ikiwa fedha itakuwa imebaki.

Jioni moja wakati wa kusi nilikuwa ndani ya boti ya faiba ya futi 23, tukirudi kutoka nje ya Msimbati. Jua lilikwisha kuzama, na nahodha alikuwa akifuata kwenye skrini mstari wa njia tuliyotokea asubuhi, maana mlango wa kuingilia ndani ya mwamba si mpana na mawimbi ya kusi huvunjika pande zote mbili. Kamba ya mtego ikanasa kwenye pangaboi. Tukazima mashine, tukaikata kamba, na nahodha alipopiga starta skrini ikazimika. Skrini yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Starta ilivuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, volti za betri zikaporomoka chini ya 10, na skrini iliyoungwa kwenye betri hiyohiyo kwa waya mwembamba wa nyumbani ikajizima, kwa kuwa vifaa vya namna hiyo havifanyi kazi umeme ukipungua kiasi hicho. Ilichukua kama dakika moja na nusu kuwaka upya, kuzitafuta setilaiti na kuturudishia ramani. Sasa fanyeni hesabu: mkondo wa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, hukisukuma chombo takriban mita 60 kwa dakika, kwa hiyo ramani iliporudi tulikuwa tumesogezwa kaskazini karibu mita 90, na upande wa kulia tulianza kuyasikia mawimbi yakivunjika. Tuliingia salama kwa sababu nahodha yule alizaliwa Msimbati, na mbele yake ilikuwapo dira ya sumaku ambayo haihitaji umeme wa mtu yeyote.

Tangu jioni hiyo sifungi skrini kwenye betri ya starta. Boti ya mshipi inahitaji betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia mashine. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kisha hutaka kujazwa mara moja. Ya pili ni ile ambayo bamba zake ni nene, inayostahimili kutumika polepole siku nzima na kujazwa tena, mara mamia, bila kuharibika. Ukiitumia ya kwanza kwa kazi ya pili itakufa ndani ya miezi, na muuzaji hatakuwa na kosa. Kati ya hizo mbili iwekwe swichi ya kuchagua, ili betri ya vifaa iweze kusaidia kuwasha mashine siku ya shida, lakini siku nyingine zote kila moja ikae na kazi yake.

Ukubwa wa betri ya pili usikisiwe, upigiwe hesabu. Kipimakina chenye skrini ya inchi 7 hula kama ampea 1 hadi 1.5. Redio ikiwa inasikiliza tu hula chini ya nusu ya ampea, ingawa ukibonyeza kusema kwa nguvu ya wati 25 hupanda hadi ampea 5 au 6 kwa muda huo. Taa za LED za usiku ni kama ampea 1. Tukiweka vyote pamoja, tuseme ampea 2.5 kwa wastani, na safari ya saa 10 itakula ampea-saa 25. Betri ya risasi na maji haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo yenye ampea-saa 100 inakupa 50 za kutumia kwa amani, yaani siku nzima na akiba ya siku ya pili kama mashine imegoma. Nunueni pia mita ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko bei ya ndoana nzuri mnazopoteza kwenye miamba. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 11.9 msitoke, ijazeni kwanza. Mashine ndogo zinazofungwa nje ya boti huchaji kidogo sana, hasa zikienda polepole wakati wa kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya boti, na ndiyo maana napendekeza bamba la sola pamoja na kidhibiti chake juu ya kibanda. Jua la Mtwara ni jingi, tena halina bili. Betri zenyewe zifungwe zisicheze, mahali penye hewa na mbali na tangi la petroli, kwa sababu zikichaji hutoa haidrojeni.

Sasa nyaya, na hapa nitakaa, kwa sababu nikiitwa kwenye boti ambayo "kifaa kimekufa", mara nyingi nakuta kifaa ni kizima na kilichokufa ni waya. Mabaharia wa kale walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa ndani yake. Walikuwa na maana pana, lakini hata ukiyachukua maneno yao kama yalivyo, ni somo zima la ufundi wa umeme kwenye boti: maji yaliyopiga omo na maji yaliyopiga tezi yote yataishia ngamani, na waya uliolazwa ngamani utakunywa chumvi usiku na mchana. Pitisheni nyaya juu, pembeni mwa ubavu wa boti, na mzishike kwa vibanio kila baada ya nusu mita hivi ili zisisuguane. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa, acheni uning'inie kidogo chini yake kisha upande, ili maji yanayotiririka juu ya waya yadondokee pale chini badala ya kuingia kwenye kifaa.

Waya wa nyumbani ni shaba tupu. Kwenye hewa ya bahari shaba tupu hugeuka nyeusi ndani ya ganda lake, na weusi huo hutambaa kutoka kwenye ncha kwenda ndani, mbali kuliko jicho linavyoweza kuona. Waya wa baharini una nyuzi nyingi nyembamba, kila moja imepakwa bati. Ni ghali zaidi na si rahisi kuupata Mtwara mjini. Agizeni Dar es Salaam kwa mzigo mmoja mkiwa wengi. Unene nao una hesabu yake, na umbali hupimwa kwenda na kurudi. Redio inayovuta ampea 6, ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, ina mita 10 za waya. Ukitumia waya wa milimita 1 ya mraba, utapoteza takriban volti 1 nzima njiani, na redio itasema kwa sauti dhaifu wakati unapoihitaji zaidi. Ukitumia wa milimita 2.5 utapoteza 0.4, na wa milimita 4 utapoteza robo ya volti tu. Mimi hutumia wa 4 kwa redio na sijawahi kujuta.

Viungo ndivyo vinavyotuaibisha mafundi. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga utepe mweusi si kuunga. Utepe huachia kwa joto, na chumvi huingia siku ya kwanza. Kulehemu peke yake nako hakufai baharini, maana risasi iliyoyeyuka huufanya waya kuwa mgumu kama kijiti, na mtetemo wa mashine huukata pale ugumu unapoishia. Tumieni vichwa vya kubana vya shaba iliyopakwa bati, mvibane kwa koleo lake maalumu, kisha mfunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto na wenye gundi ndani. Ukimaliza, uvute waya kwa nguvu. Ukichomoka mkononi mwako leo, ungechomoka baharini kesho. Na kila waya wa chanya uwe na fyuzi, iliyo karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja, kwa sababu fyuzi hulinda sehemu ya waya iliyo mbele yake tu, na boti ya faiba inayoungua haina mahali pa kukimbilia. Nimeona boti ambayo fyuzi zote zilikuwa zimefungwa vizuri kwenye dashibodi, mita 4 kutoka kwenye betri, na waya mzima wa mita 4 hizo ulikuwa hauna ulinzi wowote.

Kifaa cha kwanza cha kununua ni redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya baharini. Najua wengi wenu mnategemea simu, na simu ni nzuri karibu na nchi kavu. Lakini simu humfikia mtu mmoja tu, tena kama yuko macho na kama mnara unakuona; minara ilijengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu, na ukishatoka nje ya mwamba maili kadhaa mtandao hukatika. Redio, kinyume chake, husikika na kila aliye karibu: meli inayosubiri kuingia bandari ya Mtwara, boti ya mwenzako iliyo nyuma ya rasi, chombo cha doria. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo ya kuita na ya dhiki, na duniani kote imewekwa kwa kazi hiyo. Mtu aliye hatarini husema "Mayday" mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali alipo, kilichompata, na idadi ya watu. Wafundisheni hayo wote waliomo ndani ya boti, akiwamo mgeni na mtoto mkubwa, kwa maana huenda nahodha ndiye aliyeanguka majini. Masafa haya yana leseni, inayopatikana kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Waulizeni kabla ya kununua, msiulizwe baadaye.

Nguvu ya redio si kila kitu, kwa kuwa mawimbi ya VHF huenda kwa mstari ulionyooka na huishia kwenye upeo wa macho. Boti mbili zenye antena za urefu wa mita 4 juu ya maji zitasikilizana kwa maili 9 au 10 za baharini, hata kama kila moja ina wati 25. Antena ikipanda, maili huongezeka. Ndiyo maana redio ya mkononi ya wati 5, iliyoshikwa usawa wa kifua na mtu aliyekaa, haiwezi kuchukua nafasi ya redio iliyofungwa. Iwe ya akiba, ikae ndani ya mfuko wa maji karibu na majaketi. Kwa boti zetu zinazoyumba sana, antena ya desibeli 3 ni bora kuliko ile ndefu ya desibeli 6, kwa sababu ndefu hubana mawimbi yake kama tochi, na boti ikilala upande mmoja tochi hiyo humulika maji au mawingu. Waya wa antena usipindwe kwa ukali, na kiungo chake cha nje kifungwe barabara kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe.

Redio nyingi za sasa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia, redio hutuma kwa chaneli 70 wito wa dhiki ukiwa na namba ya chombo chako, ambayo ni ya tarakimu 9, pamoja na mahali ulipo. Lakini itajuaje mahali ulipo kama haina GPS ndani yake na wala haikuungwa na GPS ya nje? Nimefungua boti nyingi nikakuta nyaya mbili ndogo za kuunganisha redio na kipimakina chenye GPS zimekunjwa nyuma ya dashibodi, hazijaguswa, na namba ya tarakimu 9 haijaingizwa kamwe. Kitufe cha namna hiyo hakitaji jina la mtu wala mahali alipo. Kuziunga ni kazi ya nusu saa, na fundi anayeziacha amemdhulumu mteja wake.

Hapo nina neno juu ya kutaja mahali. Kifaa kimoja huandika nyuzi na dakika zenye desimali, kingine huandika nyuzi, dakika na sekunde. Nyuzi 10 na dakika 15.500 kusini si sawa na nyuzi 10, dakika 15 na sekunde 50 kusini. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya mita 600. Usiku, kwenye mawimbi, mtu anayeelea hawezi kuonekana kutoka mita 600. Chagueni mtindo mmoja, wa dakika zenye desimali, muuweke kwenye vifaa vyote vya boti na kwenye simu ya aliyebaki nyumbani.

Baada ya redio, kabla ya kipimakina, nunueni kifaa cha kutoa ishara ya dhiki kwa setilaiti, ama EPIRB ya boti, ama kile kidogo cha kufungwa kwenye jaketi la mtu. Vyote viwili hutuma ishara kwa megahezi 406 kwenda kwenye mfumo wa Cospas-Sarsat, ambao hupokea kutoka baharini popote, pasipo mnara wala mtandao. EPIRB huendelea kutuma kwa saa 48 angalau, kile cha mtu kwa saa 24. Nasisitiza jambo hili hapa Mtwara kuliko ningelisisitiza mahali pengine, na sababu ni mkondo. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki mwa Bahari ya Hindi hufika pwani karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya Ruvuma, kisha tawi lake moja hupanda kaskazini likipita mbele yetu, mbele ya Lindi na Kilwa. Wakati wa kusi hukimbia kwa kasi kubwa. Boti iliyozimika mashine nje ya Msimbati asubuhi, ukienda kuitafuta Msimbati jioni hutaikuta. Kifaa hicho lazima kiandikishwe kwa jina la mwenye chombo na namba ya simu ya mtu wa nchi kavu, na msinunue kilichotumika bila kubadilisha uandikishaji wake, kwa maana waokoaji watampigia mwenyewe wa zamani.

Ndipo tunafika kwenye kipimakina. Wazee wetu walitia bildi, wakapima kwa kamba na risasi iliyopakwa mafuta chini ili wajue kama ni mchanga au tope. Kipimakina ni bildi ya sauti: kichwa kilicho chini ya boti, ambacho mafundi tunakiita transidyusa, hupiga mlio usiosikika kwa sikio, mlio huo hushuka, hugonga kitu na kurudi kama mwangwi, na kifaa huhesabu muda. Majini sauti husafiri mita 1,500 kwa sekunde na zaidi kidogo, kwa hiyo mwangwi wa kina cha mita 150 hurudi baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukielewa hivyo utaelewa pia kwamba skrini huonyesha yaliyopita. Ukingo wa kulia ndio sasa. Vingine vyote ni vile ulivyokwisha kuvipita, na samaki uliyemwona katikati ya skrini yuko nyuma yako.

Jambo la kuchagua ni masafa. Mlio wa kilohezi 200 ni mkali na mwembamba, huonyesha vitu vidogo kwa uwazi, lakini huchoka mapema kina kikizidi. Mlio wa kilohezi 50 hushuka mbali, ila hutanuka. Bahari yetu ina tabia ya pekee: ndani ya ghuba na juu ya miamba ni mita 10 au 30, lakini ukivuka ukingo, sakafu hushuka upesi hadi mamia ya mita, na samaki wakubwa hupenda ukingo huohuo. Kwa sababu hiyo sishauri mtu wa Mtwara anunue kifaa chenye kilohezi 200 peke yake, hata kikiwa cha bei nzuri. Nunueni chenye yote mawili, au kile cha CHIRP kinachopiga mfululizo wa masafa katika kila mlio, chenye nguvu ya wati 500 au 600 hivi. Wanaotaka kuvua chewa wa vilindini watahitaji zaidi, na transidyusa kubwa zaidi.

Kutanuka huko kuna maana kwa mvuvi. Mlio wenye pembe ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 30 hufunika duara la kama mita 10. Wenye nyuzi 40 kwenye kina cha mita 100 hufunika duara la zaidi ya mita 70. Samaki unayemwona anaweza kuwa mita 35 ubavuni mwako wakati mshipi wako umeshuka wima. Mjue pia kwamba kinachorudisha mwangwi mkubwa ni kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki. Chewa na changu wanacho, nao huonekana vizuri. Sehewa hana, na kundi lake zima linaweza kupita chini yako likaonekana kama ukungu tu. Skrini tupu haina maana ya bahari tupu; ndege wanaopiga mbizi bado ni walimu wetu.

Kuifunga transidyusa ndiyo sababu nilitaka maji yawe yamekupwa. Hapa Mikindani maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na boti nyingi hulala juu ya tope au mchanga mara mbili kwa siku. Vitabu vya vifaa hivi huandikwa kwa ajili ya boti zinazoelea gatini au zinazopakiwa kwenye trela, na huelekeza transidyusa ifungwe kwenye tezi, uso wake ukishuka milimita chache chini ya sakafu ya boti ili isipitiwe na mapovu. Katika ujana wangu nilifuata maelekezo hayo neno kwa neno kwenye boti ya mzee mmoja, na siku ya tatu maji yalipokupwa boti ikakalia transidyusa kwa uzito wake wote ikaivunja. Nilimlipa, na ilinichukua miezi. Kwa boti inayokaukia, tumieni kishikio chenye bawaba kinachonyanyuka kikiguswa kutoka chini, au kichwa cha kuwekwa ndani ya boti kinachopiga sauti kupitia faiba. Njia hiyo ya pili hupoteza nguvu kidogo na haipimi joto la maji, lakini haivunjiki. Sharti lake ni faiba iwe nzima mahali pale, bila mbao wala povu katikati, na gundi ya epoksi isiwe na povu hata moja la hewa. Kwa mashua za mbao zinazotobolewa chini, kichwa kiwe cha shaba nyeusi, kamwe kisiwe cha plastiki, kwa sababu mbao hufura majini na kukipasua.

Mahali pa tezini pachaguliwe kwa kuangalia maji, boti ikiwa kwenye mwendo. Tafuteni pale yanapotoka laini bila povu, si nyuma ya ubao wala mfereji wowote wa chini, na angalau sentimita 40 kutoka kwenye pangaboi. Kwa mashine nyingi, ambazo pangaboi lake huzunguka kulia, upande wa kulia ndio wenye maji matulivu zaidi. Matundu ya skrubu yajazwe gundi ya baharini, na waya wa transidyusa usifungwe pamoja na waya wa antena wala wa starta, la sivyo skrini itajaa michirizi ambayo mtaidhani ni samaki.

Skrini ya ramani nitaisema kwa ufupi. Chagueni inayong'aa vya kutosha kusomeka juani, na mwiangalie mkiwa mmevaa miwani yenu ya bahari, kwa kuwa miwani inayokata mng'ao huifanya baadhi ya skrini kuwa nyeusi kabisa. GPS itakwambia ulipo kwa kosa la mita chache. Ramani iliyo chini yake haikupimwa kwa uhakika huo. Nahodha Owen wa Uingereza alipima pwani hii kwa bildi katika miaka ya 1820, na vipimo vya bildi viliendelea kutumika muda mrefu baada yake. Tena mafungu ya mchanga kwenye mlango wa Ruvuma huhama. Njia mliyopita kwa macho mchana, maji yakiwa matulivu, ihifadhini, na usiku muifuate hiyo. Ingizeni pia mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, pamoja na mpaka wa Msumbiji, ili mjue mlipo kabla ya kushusha mshipi. Wanaovua upande wa Kilwa wakumbuke bomba la gesi lililolala chini ya bahari kati ya Songo Songo na Somanga Fungu, wasitie nanga hapo.

Rada kwa boti ya futi 23 naiona kuwa ni anasa. AIS, yaani mfumo ambao meli hutangaza kwa redio mahali zilipo, kwa upande mwingine, inazidi kuwa na maana, kwa sababu meli za makaa ya mawe na za korosho zimeongezeka Mtwara, na meli kubwa za safari za kimataifa zinatakiwa kuwa nayo. Hata ile ya kupokea tu itakuonyesha usiku meli inakuja wapi na kwa kasi gani. Mkifunga spika au kipaza sauti cha redio, kiwe mita 1 kutoka kwenye dira, kwa maana ndani yake mna sumaku. Mkirudi, osheni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi kwa kitambaa, bila presha, na kila mwezi mguse vichwa vya fyuzi mkitafuta ukijani.

Maji yameanza kujaa, nami naona kutoka hapa boti 5 ambazo tezi zake bado zi juu ya tope. Nimekuja na mita, koleo la kubania na kishikio kimoja chenye bawaba. Wenye boti hizo watangulie, tukaangalie transidyusa zao zimekaaje kabla bahari haijazifunika.